Tulimlilia Mama Yako Akiwa Hai

Mwanangu Tekla,

Umetoka kwenda Kihonda kuwaaga rafiki zako, umesema utarudi kabla giza halijaingia. Mimi nimekaa kibandani hapa kitaluni. Miche nimeshaimwagilia, mteja hakuna, na mlima umejifunika ukungu mpaka kwenye mashamba ya chini. Nimeona niandike sasa, kwa sababu kesho pale stendi ya Msamvu, watu wakigombania kupakia mizigo na wapiga debe wakipiga kelele, nitakuambia tu safari njema, na mengine yote yatanikwama kooni. Ninajijua.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kula kwa wakati, wala za kuchagua marafiki. Shangazi yako amekuambia hayo wiki nzima, na nimekusikia ukimwitikia "sawa shangazi, sawa shangazi" huku macho yako yako kwenye simu. Hiyo "sawa" yako ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Umeirithi kwangu.

Unakwenda Nairobi kusomea usanifu majengo. Wenzako utakaokaa nao darasani wamekulia kwenye Kiingereza. Sisi tunakutana nacho meno yote yakiwa yameshaota. Hujaniambia kwamba unaogopa, lakini juzi nilipita dirishani kwako nikakukuta umesimama mbele ya kioo unajitambulisha kwa Kiingereza. Jina lako, unatoka wapi, unapenda nini. Ukarudia tena, safari hii ukitabasamu. Nikarudi nyuma taratibu usinione. Kujitambulisha hakutakusumbua, mwanangu. Hilo ulishaliweza mbele ya kioo. Mimi nawaza siku ambayo mtu atakueleza jambo, atamaliza, atakuangalia usoni akisubiri, na wewe utakuwa hujaambulia kitu. Siku hiyo ndiyo ninayokuandikia.

Nilipofaulu darasa la saba nilishuka kutoka Mgeta nikaja kuanza kidato cha kwanza hapa mjini. Mpaka siku hiyo kila somo nilikuwa nimefundishwa kwa Kiswahili, na nyumbani tukizungumza Kiluguru. Sasa kila kitu kikawa Kiingereza. Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mtu mpole, mrefu, suruali zake zote zilimwishia juu ya vifundo. Alifundisha habari za pepo na mvua, akichora mishale ubaoni, na kila alipomaliza mshale aligeuka na kuuliza, "Understand?" Darasa zima tukajibu, "Yes, sir." Akauliza, "Any question?" Tukajibu, "No, sir." Hatukujua maana, ila tulijua wimbo. Sauti yake ilipanda, nasi tukaipokea.

Siku moja akabadilisha. Alikuwa amejaza ubao mzima, akageuka, akatutazama kwa muda, akasema, "Are you confused?" Sauti ikapanda kama kawaida. Nasi tukaitikia kwa nguvu, "Yes, sir."

Akaweka chaki mezani. Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimekaa mbele. "You. What is the meaning of confused?"

Nikasimama. Nikafikiri kwamba mwalimu mpole hawezi kuwauliza wanafunzi wake jambo baya. Nikasema, "Sir, it is to be happy."

Wenzangu wawili watatu wakapiga makofi kwa sababu nilikuwa nimejibu kwa sentensi nzima. Mwalimu akatazama nje ya dirisha. Kisha akasema kwa Kiswahili, kitu ambacho kilikuwa kimekatazwa darasani, "Basi leo darasa zima mmefurahi." Akachukua chaki akaendelea na mishale yake.

Hakunipiga, hakunicheka. Lakini niliona aibu iliyonifuata mpaka bwenini. Nikaenda maktaba, kulikuwa na kamusi isiyo na jalada, nikaitafuta ile "confused", kumbe ni kuchanganyikiwa. Pembeni yake nikakuta ndugu zake. "Puzzled". "Perplexed". "Baffled". "Bewildered". Hilo la mwisho nililipenda kuliko yote. Nilikuwa nalitamka nikienda kuchota maji, linajaa mdomoni kama kiazi cha moto. Kufikia kidato cha nne nilikuwa na maneno mengi ya mtu aliyepotewa na akili kuliko maneno ya kitu kingine chochote. Niliyatumia kwenye insha. Mkulima alikuwa "perplexed". Askari alikuwa "baffled". Lakini Tekla, katika miaka yote ile sikuwahi hata mara moja kulisimamisha neno mojawapo nyuma ya "I am". Niliwapa watu wengine wote, nikajinyima mwenyewe.

Nimewahi kujiuliza kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu ya lugha yetu pia. Kwetu mtu akisema "nimechanganyikiwa" watu wanaacha kazi. Wanamletea kiti, wanauliza kuna msiba gani, au wanatazamana kuona kama kichwa chake kiko sawa. Ni neno zito, halisemwi kwa sababu umeshindwa kuelewa saa ya kikao. Kwa hiyo mtu wetu asipoelewa anaona afadhali akae kimya kuliko kutangaza msiba. Wenzetu wenye lugha yao wanalisema kama mtu anayepiga chafya. Mimi nilikuja kuligundua hilo nikiwa mtu mzima, na kwa njia mbaya.

Hadithi ya hospitali unaijua. Bibi yako, mama yake mama yako, huisimulia kila Krismasi tukipanda Mgeta, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu, nami hucheka nao. Lakini Bibi huanzia pale lori la mboga lilipofika mjini. Yaliyotangulia hakuyaona, na yaliyofuata hakuambiwa. Mama yako na mimi tuliyaacha yawe yetu. Sasa mama yako hayupo, nami sipendi kubaki nayo peke yangu.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la vitambaa la Bwana Jiwa, Mhindi mmoja mtaratibu, kazi yangu kupima na kukata. Mama yako alikuwa na mimba yako, tumbo limeshakuwa kubwa. Akaanza na homa. Kisha akawa anaongea maneno yasiyoshikana, anamwita mama yake, anasema nyumba inaingia maji. Kisha akanyamaza. Tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui, nikakaa kando ya kitanda chake, sikutoka ila kwenda msalani.

Wodini alikuwepo daktari mgeni, mzungu mzee aliyekuwa amekuja kufanya kazi kwa muda. Kiswahili alijua salamu tu. Nesi wa wodi ile, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniambia mapema, "Kaka, daktari akija kuongea na wewe niite, nitakutafsiria." Nikamwambia, "Asante dada, mimi nimesoma."

Daktari akaja mchana. Akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikamjibu, "Yes, very well."

Basi akaongea. Aliongea kwa heshima, polepole kwa kipimo chake, lakini kwangu maneno yalipita kama mabehewa ya treni. Unaona moja, linalofuata limeshafika. Nilidaka damu. Nilidaka mtoto. Nilidaka vipimo. Kila aliposimama kupumua nilitikisa kichwa. Mwisho akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akanishika bega, akasema, "I will be honest with you. I am at a loss." Akanitazama. "Do you understand?"

Nikasema, "Yes, doctor."

"Any questions?"

"No, doctor."

Tekla, neno "loss" nililijua. Baba yangu mzazi alipofariki, padri mmoja mzungu wa misheni alinishika mkono kaburini akasema, "I am sorry for your loss," na katekista akanieleza kwamba padri anatupa pole ya msiba. Tangu siku hiyo neno hilo kwangu lilikuwa na jeneza ndani yake. Sasa daktari ameshika bega langu, macho ameyainamisha, anasema "loss". Nikageuka kumtazama mama yako. Amelala hivyo hivyo, kimya. Nesi alikuwa upande wa pili, akavuta pazia kukizunguka kitanda ili amwoshe. Mimi nikaona pazia linafungwa, nikajua yamekwisha.

Nikatoka. Sikumuuliza daktari. Sikumwita nesi, ambaye alikuwa nyuma ya kitambaa tu, hatua chache kutoka niliposimama. Nilitembea mpaka dukani.

Bwana Jiwa aliponiona akaacha mteja. "Vipi hali?"

"Ametutoka."

"Na mtoto?"

"Wote."

Akashusha mlango wa duka nusu, akasoma dua yake kwa sauti ndogo, kisha akanipa simu. Siku hizo kule juu mtandao ulikuwa unapatikana ukingoni mwa kilima kimoja tu, na kwa bahati, au kwa bahati mbaya, binamu yangu alikuwa amesimama palepale. Habari ikafika kabla ya jua kuzama.

Bwana Jiwa alitaka kunirudisha hospitali kwa gari lake. Nikamwambia nawasubiri ndugu. Sababu ya kweli ni kwamba sikuweza kuuona mlango wa kile chumba wanakoweka watu. Nikalala stoo, juu ya majora ya vitambaa. Yeye aliniachia chai kwenye chupa na taa ikiwaka. Sikuigusa chai. Nilikuwa nahesabu mambo ambayo sikuwa nimemwambia mama yako, na ninakumbuka kwamba usiku ule lugha zote ziliniishia, siyo Kiingereza tu.

Asubuhi lori la mboga likashuka kutoka Mgeta, juu ya kabichi wamekaa shangazi, wajomba, na Bibi yako mbele kwa dereva, ameshika shuka jeupe jipya. Hapa ndipo yeye huanzia. Tukaelekea hospitali, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanalia. Mlangoni yule nesi akatuzuia.

"Jamani nyamazeni, kuna wagonjwa. Mmefiwa na nani?"

"Na Sabina wetu," Bibi akasema.

Nesi akaniangalia mimi. "Wewe kaka, ulikwenda wapi? Mke wako ameamka tangu jana jioni. Anakuulizia."

Unajua yaliyofuata. Mama yako ameegemea mto, bakuli la uji mkononi, anaona ukoo mzima unaingia na macho mekundu.

"Kafa nani?" akauliza.

Wanawake wakaanza kufungua kanga viunoni.

"Mama, kafa nani?"

Bibi akasema, "Hakuna. Tumekuja kukusalimia."

"Na hilo shuka?"

"La mtoto," Bibi akasema, bila hata kupepesa macho.

Watu huangua kicheko hapo, na ndipo Bibi humalizia, kwa kuwa lilikuja kuwa la mtoto kweli. Ulipozaliwa wiki chache baadaye ndilo ulilofungiwa, na umelitumia mpaka likachanika.

Lakini siku ile Bibi hakucheka. Alinishika mkono akanitoa nje, akaniuliza daktari alisema nini hasa. Nikamwambia. Yule nesi alikuwa anapita na sinia la dawa, akasikia, akasimama. Akasema kwa upole, "Kaka, hiyo 'at a loss' maana yake hajui la kufanya. Alikuwa anakuambia ugonjwa hawajaujua, anajaribu dawa nyingine, umwombee mkeo." Akaendelea na kazi yake.

Unaona, Tekla. Yule mzee, na elimu yake yote, alikuwa amesimama mbele yangu anakiri kwamba amekwama. Aliniambia jambo ambalo mimi nisingethubutu kulisema hata kwa kulazimishwa. Tulikuwa watu wawili tusiojua kitu, mmoja amesema, mwingine amesema "Yes, doctor."

Bibi akaniambia kwa Kiluguru maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Sisi ukungu ukitushukia shambani tunaitana. Hata mtoto anajua kuita, na mwenzake akaitika, wakakutana. Wewe ukungu umekushukia, ukanyamaza, ukaondoka." Akafuta uso wake kwa kanga, akarudi ndani kwa mwanawe.

Hayo ni ya Bibi na mimi. Ya mama yako ni haya.

Aliniambia wewe ukiwa umeshaanza kukaa mwenyewe, tuko kizingitini jioni, unanyonya. Aliniambia bila hasira, kama mtu anayesimulia safari. "Niliamka nikaona dari, sikujua ni dari ya wapi. Nikakuita. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni akaniambia mumeo alikuwepo hapa muda wote, ametoka mchana huu. Nikasema basi, amekwenda kununua kitu. Ukaingia usiku. Taa zikazimwa. Nikasema amechoka, amelala nyumbani. Baadaye nikaona hapana, ameniacha. Ameona mgonjwa hana dalili, amekwenda zake. Nikaanza kupanga nitamlea mtoto vipi."

Nikamwambia, "Ungemuuliza nesi."

"Ningemuuliza nini? Eti mume wangu amenikimbia?" Akakubadilisha ziwa. Kisha akasema, "Sijakasirika kwa sababu hukujua neno la Kiingereza. Nani anajua maneno yote. Ila wewe ulikuwa unalia peke yako kule dukani, na mimi nalia peke yangu wodini, na katikati yetu hapakuwa na kitu. Barabara tu."



Ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa na lile swali lake. Unalikumbuka, najua, maana lilikuwa linakukera. Akikufundisha kushona kishikizo, au kukuelekeza njia ya kwenda kwa mtu, ukajibu "ndiyo mama", alikuwa anasimama na kukuuliza, "Umeelewa au umeitikia?" Ulidhani ni lako. Lilikuwa langu. Alianza kuniuliza mimi hata kabla hujajua kusema.

Nilijifunza polepole. Nilipoacha duka nikaanzisha kitalu hiki, walimu wangu wakawa wateja. Kuna yule mama wa Kiholanzi unayemjua, mwenye baiskeli. Anakuja, anaangalia miche, anasema, "Sorry, I'm confused. Which one wants shade?" Namweleza. Anasogea kidogo, anasema tena, "No, now I'm confused again." Namweleza upya. Hana haraka, hana aibu, uso wake mkavu kabisa, na anaondoka na mche unaofaa kwa pahala panapofaa. Watu wetu, na mimi ni mmoja wao, wanatikisa kichwa, wanachukua, na baada ya mwezi wanarudi kuniambia mche wako umekufa. Nikamtazama yule mama, nikasema kumbe neno lenyewe ni dogo hivi. Nililibeba ujana wangu wote kama gunia.

Sasa nikuambie jambo ambalo uliwahi kuniuliza, nikakujibu vibaya.

Mama yako alipougua mara ya pili ulikuwa darasa la sita. Hospitali ilikuwa nyingine, daktari alikuwa dada mmoja kijana wa hapahapa nchini, anaongea Kiswahili cha haraka, kila neno la tatu ni la kitabuni. Alinieleza, akafunga faili, akauliza kama nimeelewa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, watu wanaguna. Nilisikia ile "ndiyo" inapanda yenyewe, Tekla, imeshafika kwenye ulimi. Nikaishika. Nikasema, "Daktari, samahani, sijaelewa. Naomba uanze tena."

Akaanza tena. Nikamwambia, "Bado." Akaniangalia, nikadhani atanifukuza. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akachukua karatasi akachora ini, akachora uvimbe ulipo na ulikokwenda. Akaongea kama anavyoongea na mama yake, nadhani. Nikauliza dawa itafanya nini. Akasema itapunguza maumivu. Nikauliza, "Na kupona?" Akatikisa kichwa. Nikauliza, "Muda gani?" Akasema hawezi kujua, ila nisiende mbali.

Safari hii nilielewa. Nilielewa kila kitu, na nikatamani nirudi kuwa yule mtu wa "Yes, doctor." Watu hawakuambii hilo wanapokuhimiza kuuliza. Ukiuliza unajibiwa.

Lakini sikwenda mbali. Nilifunga kitalu. Na nilikuja shuleni kwako nikakutoa darasani siku ya mtihani, ukalia njia nzima kwamba utafeli, na shangazi yako akanisema kwamba mtoto haonyeshwi mambo kama yale. Uliponiuliza baadaye kwa nini nilifanya vile, nilikujibu kwa mkato kwamba ni mambo ya wakubwa. Jibu ni hili. Nilikuwa najua. Kwa kuwa nilijua, ulimkuta mama yako bado ana nguvu za kukusuka nywele. Alikusuka mistari minne mikubwa, haikulingana, na wewe ukakataa kuifumua hata shangazi alipotaka kukutengeneza kwa ajili ya mazishi. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono. Alifumbua macho, akageuza kichwa upande wangu, akaniona, akafumba. Hakuwa na haja ya kumuuliza mgonjwa wa kitanda cha pembeni.

Hilo ndilo nililopata kwa kujifunza kusema sijaelewa. Halikumponya. Lilinifikisha kando yake. Nimelipima mara nyingi nikiwa peke yangu na naona lilitosha.

Kwa hiyo huko uendako, mwalimu akimaliza kuongea na wewe uko gizani, sema. Chagua neno lolote, yapo mengi, na yote ni mazuri. Kama Kiingereza kimekukimbia, sema kwa Kiswahili. Wakenya wanakijua, hata wakikicheka chetu. Wengine darasani watakugeukia. Kuna mmoja atakayekuja baada ya kipindi akuambie na yeye hakuwa ameelewa, na huyo ndiye atakuwa rafiki yako. Sikuagizi hili kama sheria. Mara nyingine utaitikia tu, kwa uchovu au kwa aibu, kama mimi ninavyoitikia mpaka leo nikiwa ofisi za watu. Ila usizoee.

Nilitaka kumaliza kwa kukuambia usiwe na wasiwasi juu yangu, nipo na kazi zangu, nipo na watu. Nimeiandika sentensi hiyo nikaikata, maana ningekuwa nimeitikia. Sijui nitaishije, Tekla. Jumapili misa ikiisha, watu wakishasalimiana na kutawanyika, sijui nitashika njia ipi. Sufuria zote za nyumbani mama yako alizinunua za watu wengi, na sijui ugali wa mtu mmoja unapimwaje. Chumba chako sijui nikifunge au nikiache wazi. Labda baada ya muda nitajua. Leo sijui, na sikuambii ili ubaki. Panda basi. Ningeumia zaidi kukuona umebaki hapa unahesabu miche na mimi.

Jambo moja tu ninaloomba. Jioni utakaponipigia simu, usianze na kuniambia kwamba kila kitu kiko sawa. Anza na kile ambacho siku hiyo hukukielewa, hata kama ni kidogo, hata kama ni jina la mtaa. Nitakusikiliza mpaka mwisho. Shikamoo itasubiri.

Baba yako.